Treni ya Las Vegas: abiria milioni 11 watatoka wapi?

Swali: "Habari. Mimi na mume wangu tunaishi Las Vegas, tuna vani moja tunabeba wageni kutoka eapoti kwenda mahotelini. Sasa kuna hii treni ya kampuni binafsi, Brightline West, wanasema itabeba abiria milioni 11 kwa mwaka kutoka California. Mume wangu anataka tukope tununue vani nne nyingine ili stesheni ikifunguliwa tuwe tayari. Je hao abiria watapatikana kweli au ni maneno tu ya kuvutia wawekezaji?"

Jibu:

Salama dada, shemeji nae msalimie. Nianze na jibu lenyewe alafu ndio nieleze. Abiria watapatikana, tena wikiendi watajaa mpaka viti vigombaniwe, ila milioni 11 mimi siioni, mwaka wa kwanza siioni na wa tano pia siioni, na kwa biashara yenu nyie namba ya mwaka mzima haiwasaidii sana, kitakachowapa hela au kuwanyima ni hao watu wanakuja siku gani, saa ngapi, na wakishuka wanaelekea wapi. Kukadiria abiria wa reli ndio kazi inayonilisha kwahiyo nitakupitisha kwenye hesabu taratibu, usiogope namba, ni za kujumlisha na kugawanya tu.

Kwanza mradi wenyewe ulivyo, maana umebadilika sana tangu waanze kuuzungumzia. Reli ina urefu wa kilomita kama 350, inaanzia Las Vegas kusini mwa Strip (ule mtaa wa mahoteli makubwa na kasino), inafuata katikati ya barabara kuu ya I-15 jangwani, ina vituo Apple Valley na Hesperia, inateremka mlima wa Cajon mpaka Rancho Cucamonga na hapo ndio mwisho. Los Angeles yenyewe haifiki. Treni ni za umeme, Siemens ndio wanazitengeneza, kasi mpaka kilomita 320 kwa saa na safari nzima kama masaa mawili na dakika kumi. Walipozindua ujenzi Aprili 2024 walisema gharama ni dola bilioni 12 na itaanza 2028 kabla ya Olimpiki ya Los Angeles, baadae gharama ikasemwa 16, mwaka 2025 ikatajwa bilioni 21.5 na tarehe ikasogezwa mpaka Desemba 2029. Serikali kuu ya Marekani imewapa ruzuku ya bilioni 3, kiasi kikubwa kilichobaki ni hatifungani (karatasi za deni ambazo kampuni inawauzia wawekezaji na kuwalipa riba) na mikopo, na wameomba serikalini mkopo mwingine wa bilioni 6. Hiyo gharama ishike kichwani, nitairudia, kwasababu gharama ya kujenga inaingia moja kwa moja kwenye idadi ya abiria japo watu wengi wanadhani ni mambo mawili tofauti.

Sasa chukua kalamu. Milioni 11 ni safari za kwenda tu, yaani mtu akienda na kurudi anahesabiwa mara mbili. Gawanya kwa siku 365 unapata kama safari 30,000 kwa siku, nusu yake 15,000 kila upande. Treni moja ina mabehewa saba na inabeba watu kama 440. Gawanya tena, unapata treni 34 kila upande kila siku, zote zimejaa mpaka kiti cha mwisho, na hapo Jumanne ya mwezi wa pili saa nne asubuhi nayo imo ndani. Ratiba ambayo imekuwa ikitajwa ni treni kila baada ya dakika 45, ukiendesha masaa 18 kwa siku hizo ni treni 24 kila upande, ukizidisha kwa mwaka unapata viti milioni 7.7 jumla. Unaona tatizo liko wapi? Hata kila kiti kikikaliwa mwaka mzima bado hujafika kwenye hiyo 11, na treni za masafa hazijazi kila kiti, ukipata wastani wa viti saba kati ya kumi kwa mwaka hapo umefanya kazi nzuri sana, na hapo sasa tunaongelea milioni 5 na kitu. Wanaweza kuunganisha treni mbili ziende pamoja, wanaweza kununua nyingine na kupunguza hizo dakika, ila sehemu kubwa ya njia imechorwa kuwa reli moja yenye sehemu za kupishana, na reli ya namna hiyo huwezi kuijaza treni unavyotaka, treni ya huku inasubiri ya kule ipite.

Kwahiyo hata kabla hatujauliza watu wanataka nini, viti vyenyewe vinatwambia milioni 11 ni namba ya mbali.

Haya, hiyo namba wameitoa wapi? Kampuni inasema kati ya kusini mwa California na Las Vegas kuna safari kama milioni 50 kwa mwaka na asilimia 85 ni za magari. Sina ugomvi na hilo, barabara ile ukiiona Ijumaa jioni huhitaji takwimu. Ukichukua 11 kati ya 50 ni kama mtu mmoja kati ya watano aache anachotumia sasa apande treni, na ukiisema hivo inasikika kitu kidogo tu, mmoja kati ya watano kwani nini. Hapa ndipo makadirio mengi ya reli yanapopotelea, wanaanza na idadi ya wanaopita barabarani alafu wanakata kipande, wakati ilitakiwa waanze na mtu mmoja nyumbani kwake, mlangoni, ana begi mkononi, ana mke na watoto wawili, anaamua.

Tumchukue mtu anaishi Inglewood, upande wa magharibi wa Los Angeles, anataka kwenda Vegas Ijumaa baada ya kazi. Ili afike Rancho Cucamonga inabidi avuke mji mzima kwenda mashariki kwenye foleni ileile aliyotaka kuikimbia, kilomita zaidi ya 70, Ijumaa jioni hiyo ni saa moja na nusu mpaka mbili. Au aende Union Station, stesheni kuu ya mjini kati, apande treni ya Metrolink ambayo hadi Rancho Cucamonga ni zaidi ya saa nzima. Akifika lazima awe kabla ya muda, weka nusu saa, kisha masaa mawili na dakika kumi, kisha stesheni ya Vegas haiko kwenye Strip anahitaji gari la kumfikisha hotelini, weka nusu saa nyingine. Jumla ni masaa matano hivi. Kwa gari lake siku ya kawaida ni masaa manne, Ijumaa mbaya sita au saba, na kwa ndege kutoka LAX, eapoti ya Los Angeles, angani ni kama saa moja tu. Huyu mtu treni haimshindi kabisa ila haimvutii pia, atapanda mara moja ya kujaribu na kupiga picha, mara ya pili atafikiria.

Sasa mchukue mwenzake anaishi Fontana, au Ontario, au Riverside. Dakika 15 au 20 yuko stesheni, anapaki, anapanda, jumla nzima mpaka chumbani hotelini ni masaa matatu na nusu hivi. Huyu ndio abiria wa hii treni. Na sio wachache, kaunti za San Bernardino na Riverside pamoja zina watu zaidi ya milioni 4.6, ni wengi kuliko majimbo mengi ya Marekani. Kwahiyo ukisikia mtu anasema treni isiyofika Los Angeles haitapata mtu, mwambie hajui watu wanaishi wapi siku hizi. Mradi huu zamani ulipoitwa DesertXpress ulitaka kuishia Victorville, juu ya mlima kabisa, ambako mtu angeendesha mwenyewe saa nzima na nusu kisha ashuke apande treni, hilo ndio lilikuwa wazo bovu kweli, na kulileta mpaka Rancho Cucamonga kumeongeza abiria kuliko jambo lingine lolote walilolifanya tangu hapo. Natamani wangepata hela ya kufika mjini kati moja kwa moja, kila kilomita wanayoiacha nyuma inawaachia watu garini.

Alafu kuna suala la watu wangapi ndani ya gari. Kutoka Los Angeles hadi Vegas ni kilomita 435, gari la kawaida linakula kama galoni tisa, kwa bei ya mafuta ya California ni dola 40 hadi 45 kwenda. Akiwa mmoja ni 45, wakiwa wanne ni 45 hiyohiyo. Treni kila kichwa na tiketi yake. Tuseme tiketi ni dola 80, huu ni mfano wangu wa hesabu na sio bei yao, mtu mmoja atalipa tofauti ya dola 35 kwa ajili ya kupumzika na kunywa bia yake njiani, wengi watakubali. Familia ya wanne inalipa 320 badala ya 45, na wakifika hawana gari. Na Vegas watu hawaendi peke yao, wanaenda vikundi, birthday, harusi, mechi. Kinachosaidia treni kidogo ni kwamba hoteli kubwa za Strip tangu kampuni ya hoteli ya MGM walipoanza 2016 zinalipisha paking, zamani ilikuwa bure, na anayetaka kunywa hataki kuendesha Jumapili na kichwa kinauma. Lakini hesabu ya kichwa kwa kichwa inabaki palepale.

Hapa niseme kitu kuhusu nyumbani maana najua wengi mnaosoma mnafikiria SGR. Dar–Dodoma ilipoanza katikati ya 2024 watu walijaa mara moja, na Madaraka Express ya Nairobi–Mombasa tangu 2017 sikukuu ikikaribia kupata tiketi ni shida, sasa mtu anasema mbona kwetu imewezekana, Marekani yenye hela ishindwe? Ni kwamba treni yetu inashindana na basi. Abiria wa Dodoma alikuwa anakaa kwenye basi kutwa nzima, treni imempunguzia zaidi ya nusu ya muda na nauli ya kawaida ya shilingi 31,000 sio mbali na ya basi, gari nyumbani hana, ataacha kupanda kwanini? Madaraka inamshusha mtu Miritini, nje ya Mombasa mjini, na Nairobi inaishia Syokimau, stesheni zote mbili ziko mbali na katikati na bado inajaa, kwasababu mbadala wake ni usiku mzima barabarani. Treni ya Vegas mshindani wake ni gari ambalo lishalipiwa, lina bima, liko nje ya nyumba na limejaa mafuta. Kumtoa mtu kwenye gari lake ni kazi ngumu kuliko zote kwenye fani hii, ndege unaweza kuimaliza, mfano Madrid na Barcelona treni imewachukua wengi waliokuwa wanaruka, gari linabaki.

Ushahidi mzuri zaidi tulionao ni Florida, maana ni ndugu wa kampuni hiihii. Brightline ya Florida ilitangazwa 2012 ikiitwa All Aboard Florida, na yenyewe iliahidi kwamba itakuwa treni ya abiria ya binafsi ya masafa itakayojilipia. Wakaanza Januari 2018 kati ya Fort Lauderdale na West Palm Beach, Mei wakafika Miami. Mwaka ule wa kwanza walibeba kama 579,000, mwaka 2019 wakavuka milioni moja kidogo, korona ikawafunga kuanzia Machi 2020 mpaka Novemba 2021, Septemba 2023 wakafika Orlando, mwaka huo wakabeba milioni 2.05, mwaka 2024 milioni 2.76. Ukiangalia namba hizo peke yake ni mafanikio, inapanda kila mwaka, treni safi, watu wanaisifia, na mimi naipenda kweli, imeonyesha kwamba Mmarekani akipewa treni nzuri anapanda. Ila weka pembeni makadirio waliyowapa wanunuzi wa hatifungani na utaona kilichotokea hakifiki nusu ya kilichoahidiwa. Mwaka 2024 hasara ilizidi dola nusu bilioni, Julai 2025 wakaahirisha kulipa riba ya hatifungani za bilioni 1.2, na makampuni yanayopima madeni yakawashusha daraja.

Kuna jambo moja dogo Florida ambalo naomba uliangalie kwa karibu. Treni zilikuwa fupi, mabehewa manne, na kulikuwa na watu wa kila siku wa kwenda kazini Miami wenye tiketi ya mwezi ya bei nafuu. Orlando ilipofunguliwa wale wa mbali wakaanza kugombania viti na hawa wa karibu, na wa mbali analipa zaidi kwa kiti kilekile, basi kampuni mwaka 2024 ikaiondoa ile tiketi ya mwezi ikaweka vifurushi vya bei ya juu, wa karibu wakapungua sana, wengine wakarudi kwenye Tri-Rail ya serikali ambayo ni polepole lakini rahisi. Kwenye karatasi abiria wa karibu wamepungua, kwenye hela kila kiti kimeingiza zaidi. Yaani idadi ya abiria na afya ya kampuni sio kitu kimoja.

Na hilo litajirudia Hesperia. Kuna maelfu ya watu wa Victorville, Hesperia na Apple Valley wanaoteremka mlima wa Cajon kila asubuhi kwenda kazini, ukimpa mmoja tiketi rahisi mpaka Rancho Cucamonga atahesabiwa karibu safari 500 kwa mwaka, kwenda na kurudi siku za kazi. Watu elfu kumi wa namna hiyo ni safari karibu milioni 5. Kwahiyo siku ukisikia treni imevuka milioni kadhaa, uliza ni abiria gani, maana huyo wa Hesperia hakanyagi Las Vegas na vani yako hataiona. Kwa mkazi wa kule juu itakuwa neema kubwa na naomba itokee, ile barabara ya Cajon inawala watu muda na maisha, ila kwako haina shilingi.

Kuhusu makadirio kwa ujumla, kuna utafiti wa 2005 wa Bent Flyvbjerg na wenzake ulioangalia miradi ya usafiri katika nchi 14, wakakuta kwenye reli tisa kati ya kumi abiria walikadiriwa kupita kiasi, na wastani wa kuzidisha ulikuwa asilimia 106, yaani unaahidi zaidi ya mara mbili ya wanaokuja. Treni ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, Eurostar, ilikadiriwa abiria milioni 15.9 mwaka wa mwanzo, mwaka 1995 ikabeba milioni 2.9. Meli zilishusha bei, ndege za bei nafuu zikaja, washindani hawakukaa wanaangalia. Ila ona na upande wa pili, 2018 Eurostar ilifika milioni 11, miaka 23 baadae, abiria walikuwepo ila hawakuja kwa ratiba ya deni. Taiwan nayo hivohivo, kampuni binafsi ikajenga reli ya kasi, ikafunguliwa 2007, abiria wa mwanzo wakawa chini ya nusu ya matarajio, ikaelemewa na madeni mpaka serikali ikaingia 2009, na leo treni zile zinajaa. Reli yenyewe iko sawa, waliokopesha ndio walioumia.

Ndio nirudi kwenye gharama niliyokwambia uishike. Kampuni inayojenga njia yake yenyewe lazima tiketi ilipe umeme, wafanyakazi, matengenezo, na juu yake riba ya mabilioni. Gharama ikipanda kutoka 12 kwenda 21 lazima wapandishe nauli au wapate abiria zaidi, na nauli ikipanda yule baba mwenye familia ya wanne ndio wa kwanza kuondoka, kwahiyo kadiri deni linavyokua ndivyo makadirio ya abiria yanavyolazimika kuwa makubwa kwenye karatasi wakati kwenye uhalisia yanakuwa madogo. Mtu akikwambia milioni 11 muulize kwa nauli gani. Linganisha na Italo ya Italia, nayo ni binafsi, ilianza Aprili 2012, lakini njia ni ya serikali, wao wananunua treni na kulipia kupita, walihangaika miaka ya mwanzo mpaka ada ya njia iliposhushwa, 2018 wakauzwa karibu yuro bilioni 2. Binafsi inaweza kabisa kuendesha treni nzuri, kubeba mzigo wa njia peke yake ndio kunawavunja mgongo. Kwa maoni yangu Marekani ingejenga njia kama inavyojenga barabara alafu makampuni yashindane juu yake, na hili nimelisema kwenye vikao vingi.

Maoni yangu kwa namba basi, kama itafunguliwa na nauli ikawa ya wastani: mwaka kamili wa kwanza milioni 3 hadi 4, baada ya miaka mitano labda 5 au 6 ukijumlisha na hao wa Hesperia. Ni treni yenye watu wengi kwa viwango vya Marekani, na ni deni gumu kulipika. Ukumbuke pia Vegas yenyewe inapanda na kushuka, 2024 ilipokea wageni kama milioni 41.7, 2025 ikashuka hadi milioni 38 na nusu hivi, treni inapata kipande cha keki ya ukubwa wowote utakaokuwepo.

Sasa vani zenu. Safari za Vegas zina umbo lake, Ijumaa mchana mpaka usiku wote wanakuja, Jumapili kuanzia saa tano asubuhi wote wanaondoka, ile foleni ya mpakani pale Primm Jumapili mnaijua, mpaka California wakafungua bega la barabara 2022 litumike kama njia ya tatu. Treni itafuata mwendo huohuo. Ijumaa kila dakika 45 watu 400 wanashuka kwa pamoja na mabegi, wote wanataka kuondoka ndani ya dakika kumi, vani tano zingekuwa hata hazitoshi. Jumatano treni ileile inashusha labda watu 120, nusu wameshaita Uber wakiwa njiani. Vani iliyonunuliwa kwa mkopo inalipwa siku saba za wiki na kazi yake ya uhakika iko siku mbili na nusu, hapo ndipo wenye magari wanapoumia. Na kampuni yenyewe Florida iliwahi kuwa na magari yake ya kumchukua abiria mpaka stesheni, kuanzia 2021, wanaweza kufanya hivo na Vegas, hoteli kubwa nazo zinaweza kutuma mabasi yao, na sehemu ya kupakia pale mbele ya stesheni itakuwa ya mwenye mkataba. Pale Miritini mwenye matatu anasogea mlangoni anaita abiria, huku ukifanya hivo unakamatwa.

Mimi ningekuwa shemeji nisingekopa sasa. Mkopo unaanza kulipwa mwezi ule unaochukua gari, na tarehe ya treni imeshasogea mara zaidi ya moja, ukinunua leo unalipia magari miaka kadhaa kusubiri stesheni. Kaeni na vani moja, nunueni ya pili pale treni za majaribio zitakapoanza kukimbia kwenye reli kweli, maana majaribio huchukua miezi mingi kabla ya abiria wa kwanza, mtakuwa na muda wa kutosha. Na tafuteni wateja wa vikundi, kanisa, harusi, timu, watu wanaohitaji gari moja liwasubiri wakishuka, hao wanaagiza mapema na hawakimbilii Uber. Wengi wao watatoka hukohuko San Bernardino na Riverside, na kuna Waswahili wengi maeneo hayo ambao tayari wanakuja Vegas kwenye shughuli, anzeni kujuana nao hata kabla ya treni.

Jambo la kufanya wiki hii ni kibali. Gari za abiria za biashara Nevada ziko chini ya Nevada Transportation Authority, toeni cheti chenu msome kinaruhusu huduma gani na maeneo gani, kama kimeandikwa cha eapoti na hoteli tu basi ulizeni mapema namna ya kuongeza stesheni, kwasababu maombi hayo yanachukua muda na wenye makampuni makubwa wana haki ya kuyapinga. Ukishakisoma niandikie kinasemaje, tutaangalia pamoja.